Mwaka wa Mahindi, Viazi na Mtoto: Njombe, Novemba 2023 hadi Novemba 2024

Jumatatu, 20 Novemba 2023. Shambani

Mvua ya kupandia imenyesha usiku kucha, na leo tumeingia shambani kabla jua halijatoka. Baba watoto anapiga mashimo, mimi naweka mbolea, wavulana wetu wawili wanafuata na mbegu. Huku kwetu mahindi hayaharakishwi. Ukipanda Novemba utavuna Juni au Julai, kwa sababu ya baridi. Tuna ekari mbili za mahindi, moja ya viazi, na miti ya parachichi kule mteremkoni.

Saa nne simu ikaita. Mikono yangu imejaa mbolea, mwanangu mkubwa akanishikia sikioni. Ni afisa ustawi wa jamii wa halmashauri. "Mama, barua ya Kamishna wa Ustawi wa Jamii imerudi kutoka Dodoma. Mmeruhusiwa malezi ya kambo, mmlee kwanza kabla ya kumuasili. Mtoto yuko Iringa." Nikakaa palepale kwenye tuta. Baba watoto akatupa jembe akaja mbio, akidhani kuna msiba.

Tumesubiri sana. Barua ya maombi, barua ya mtendaji wa kijiji, vipimo vya afya, wadhamini, afisa kuja nyumbani kuangalia tunalala wapi, tunakula nini, tunaishije na watoto tulionao. Majirani walituuliza kwa nini tusichukue tu mtoto wa ndugu tukamlea, mambo yakaisha. Swali halali. Njombe kulea yatima si jambo geni. Mkoa wetu umekuwa ukiongoza nchini kwa VVU: utafiti wa 2011-12 ulikuta asilimia 14.8 ya watu wazima wana maambukizi, na ule wa 2022-23 asilimia 12.7. Kabla dawa hazijaenea, kulikuwa na vitongoji ambavyo kila nyumba ilikuwa na mtoto wa marehemu fulani.

Mimi ni mmoja wao. Shangazi yangu alinilea Makete, akanipenda, akanisomesha alipoweza. Lakini shamba la wazazi wangu ndugu waligawana nikiwa darasa la nne. Sikuwa na cheti cha kuzaliwa, wala shamba halikuwa na hati. Nilipokua nikauliza, niliambiwa niolewe, nitapata shamba kwa mume.

Ndiyo maana tulitaka kuasili kwa amri ya mahakama, mtoto awe wetu kisheria. Kwa Sheria ya Mtoto Na. 21 ya mwaka 2009, mtoto aliyeasiliwa anakuwa mtoto wa nyumba hiyo sawa na aliyezaliwa humo, hadi kwenye urithi. Kwa mkulima, urithi ni ardhi. Hakuna kingine.

Alhamisi, 30 Novemba 2023. Njombe hadi Iringa

Basi limeondoka stendi saa kumi na mbili asubuhi, ukungu umekaa barabarani. Makambako tumesimama kidogo, pale njia ya Songea inapokutana na ile ya Mbeya na Dar es Salaam. Kisha Nyololo, Mafinga, misindano ya msitu wa Sao Hill ikipita dirishani muda mrefu. Baba watoto hakusema neno mpaka Ipogolo, tunapoingia Iringa. Nikamuuliza kama anaumwa. Akasema anafikiria kama mtoto atamwogopa, kwa ndevu zile.

Makao ya watoto yako nje kidogo ya mji. Mama mlezi alitupokea vizuri, akatueleza kwamba leo hatuondoki na mtoto. Tuje, tukae, tucheze, tuzoeane, turudi kesho.

Alikuja ameshikwa mkono, na gauni la bluu. Ana miaka mitatu hivi. Yaliyompata kabla ya hapo ni mali yake, akikua ataamua amwambie nani, nami siyaandiki. Hapa nitamwita Mdogo, kama kaka zake walivyoanza kumwita kabla hata ya kumwona.

Hakulia, hakucheka. Alimwangalia baba watoto kwa muda, akaenda akakaa mbali nasi na kikombe chake cha uji.

Ijumaa, 1 Desemba 2023. Iringa

Leo tumekaa naye mchana wote. Mama mlezi ametupa darasa la kweli: analala upande wa ukutani, hapendi mlango ufungwe, uji wake uwe na sukari kidogo, akiamka usiku asiulizwe maswali, ashikwe mgongo tu. Nimeandika yote kwenye daftari la mahesabu ya shamba, hapo hapo chini ya bei ya mbolea.

Jioni Mdogo alimpa baba watoto kifuniko cha chupa. Akakinyang'anya. Akampa tena.

Jumanne, 12 Desemba 2023. Iringa hadi nyumbani

Tumerudi kumchukua, na karatasi za malezi ya kambo zimesainiwa. Ana mfuko mmoja wa nguo na mdoli asiye na mkono mmoja. Wenzake walisimama getini wakaimba wimbo wa kumuaga. Mama mlezi aligeuka upande akajifuta uso na khanga. Nilimshukuru, na maneno hayakutosha. Mtu anayelea watoto wa kuwaaga ana moyo ambao mimi sina.

Ndani ya basi alitapika Mafinga, akalala, akaamka Makambako akilia kilio kikubwa, hataki mimi, hataki baba, hataki soda. Abiria mmoja, bibi mwenye kikapu cha mapeasi, akamkatia kipande bila kutuuliza. Akanyamaza akala. Bibi yule aliteremka kabla yetu, hata jina lake sikulijua.

Nyumbani mama mkwe alikuwa amesimama mlangoni tangu saa nane. "Kamwene," akamsalimia, kama anavyomsalimia mtu mzima. Mdogo akajificha nyuma ya sketi yangu. Chakula cha jioni kilikuwa viazi vya kuchemsha na maharage. Alikula viazi vitatu akilinda sahani kwa mkono wa kushoto, ingawa hakuna aliyeigusa.

Jumamosi, 23 Desemba 2023. Mteremkoni

Miche ya parachichi imefika, aina ya Hass iliyobebeshwa, yaani kuunganishwa, juu ya shina la kienyeji. Mashimo tulichimba mapema na kuchanganya samadi. Kwetu kila mtoto ana mstari wake wa miti: kifungua mimba ana mstari wa juu, mdogo wake wa pili. Leo tumepanda wa tatu.

Miti hii ikitunzwa huanza kuzaa mwaka wa tatu au wa nne, na huishi miaka mingi kuliko sisi tunaoipanda. Baba watoto alimshikisha Mdogo mche wa kwanza. Aliuweka shimoni, kisha akataka kuutoa aondoke nao. Tulimwachia tawi la mkaratusi achezee.

Jumamosi, 17 Februari 2024. Viazi

Mvua za mwaka huu zimezidi. Redio inasema ni El Niño, na sisi tumeiona kwenye majani: ukungu ulitaka kumaliza shamba lote, tukawa tunapiga dawa karibu kila wiki. Wiki mbili zilizopita tulifyeka majani ili ngozi ya viazi ikomae. Leo tunachimba.

Kazi ya watoto ni kuokota vidogo vya mbegu. Mdogo aligundua kwamba ukifukua udongo unakuta kitu. Alikaa kwenye tuta moja tangu asubuhi hadi mchana, akitoa kimoja, anakipangusa, anakiita "mtoto", anakilaza kwenye kapu. Kaka yake mkubwa alijaribu kumharakisha, bibi akamkemea.

Mnunuzi alifika na Fuso shambani. Anataka lumbesa: gunia lijazwe, kisha lishonewe kilemba juu, na bei iwe ile ile ya gunia. Sheria inasema gunia lisizidi kilo 100, na kila msimu tunakumbushwa kwenye mikutano. Lakini akiondoka huyu na viazi viko chini, mvua inavinyeshea, mkulima anafunga macho anakubali. Mara hii majirani watano tumekataa. Tutakodi gari tupeleke wenyewe.

Jumatano, 6 Machi 2024. Barabarani na viazi

Imeamuliwa niende mimi, kwa kuwa najua hesabu na sichoki kubishana. Niko mbele na dereva na jirani mmoja. Mizani Makambako, mizani Iringa. Kitonga tumeshuka polepole sana, malori yamepangana kona kwa kona, mvua inapiga kioo. Ruaha Mbuyuni joto likatupokea na vitunguu vimepangwa kando ya barabara, mibuyu kila upande. Mimi mtu wa baridi nilivua sweta mbili.

Mikumi tulipita usiku, kwa mwendo wa pole unaotakiwa mbugani. Nilipiga simu nyumbani mapema kabla mtandao haujapotea. Baba watoto akamwekea Mdogo simu. Nikasikia pumzi tu.

Alhamisi, 7 Machi 2024. Mabibo, Dar es Salaam

Tumeingia sokoni alfajiri. Madalali walituzunguka kabla gari halijazima. Kuna ushuru, kuna wapagazi, kuna wa kushusha na wa kupanga, kila mmoja na mkono wake. Bado, baada ya kutoa nauli ya gari na gharama zote, tulichopata kilizidi kile alichotaka kutupa yule wa lumbesa. Kilizidi kwa kiasi cha kulipa ada za wakili. Nilizitenga pale pale, nikazifunga kwenye pindo la khanga ya ndani.

Nimemnunulia kila mtoto viatu vya mvua.

Jumamosi, 9 Machi 2024. Nyumbani

Nilidhani atanikimbilia. Aliniona, akajificha kwa bibi, akakaa huko mpaka jioni. Mama mkwe akaniambia taratibu: "Huyu ameshaona watu wanaondoka. Mwache ahakikishe umerudi." Usiku aliamka, nikamshika mgongo. Hakunisukuma.

Jumapili, 14 Aprili 2024. Kikao cha ukoo

Nilijua siku hii itakuja. Baba mkubwa, kaka wa marehemu baba mkwe, aliitisha kikao baada ya ibada. Ulanzi uliwekwa, maana ni msimu wake, wazee wakanywa kimya, kisha akauliza moja kwa moja: "Ardhi ya ukoo mtampa mtu wa nje? Tena binti?"

Baba watoto si msemaji. Alisimama akasema sehemu kubwa ya mteremko ule aliinunua mwenyewe, na ile ya urithi ana hati yake. Tulishapima: hatimiliki ya kimila, kwa Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999, imeandikwa majina yetu wote wawili. Sheria hiyo hiyo haikubali mila inayomnyima mwanamke au mtoto ardhi. Baba mkubwa akasema sheria hailimi.

Hapo nikaomba kusema, na wakanipa nafasi. Niliwaambia habari za shamba la Makete. Wengi walijua mimi ni yatima, hawakujua habari ya shamba. Nilisema hadharani kwamba ndugu walionigawia njaa hawakuwa watu wabaya kwenye mambo mengine, walisali, walizika watu, walichangia harusi. Waliona tu kwamba mtoto asiye na karatasi hana wa kumtetea. Sitaki mtoto wa nyumba hii atendewe hivyo na watu wema.

Mama mkwe alifunga kikao. Alisema, "Mimi ndiye mwenye mji huu. Mtoto ni wangu." Baba mkubwa hakujibu. Aliaga kwa heshima, akaenda zake.

Alhamisi, 16 Mei 2024

Afisa ustawi amekuja kukagua. Alipima uzito wa mtoto kwa macho yake ya kazi, akaangalia kitanda, kadi ya kliniki, akaongea na wavulana peke yao. Akauliza kama Mdogo ana tatizo. Mwanangu wa pili akasema tatizo lipo, anaficha viazi chini ya mto. Afisa alitueleza kwamba watoto wengi waliopitia makao hufanya hivyo, na tusimnyang'anye. Basi tumempa kikapu chake. Kinakaa kando ya kitanda, kinajazwa kila Jumapili.

Jumamosi, 6 Julai 2024. Mahindi

Baridi ya mwezi huu inauma mifupa. Asubuhi majani ya bondeni yalikuwa meupe kwa jalidi. Tumevuna wiki nzima, mahindi yamebebwa na mkokoteni wa ng'ombe, leo mashine ya kupukuchua imekuja. Vumbi, kelele, watoto wamefungwa vitambaa puani.

Ya chakula tunayaweka kwenye mifuko ya kinga njaa, ile yenye plastiki ndani, imefungwa hewa isiingie, maana dumuzi akiingia ghalani hakuachii kitu zaidi ya unga wa vumbi. Ya kuuza yatakwenda Makambako, kwenye kituo cha Wakala wa Taifa wa Hifadhi ya Chakula, kama foleni itakuwa ya kuvumilika. Mavuno si ya kujivunia, mvua iliosha mbolea, lakini ghala halina aibu.

Baba mkubwa amekuja kusaidia bila kuitwa. Alishika kazi ya kujaza magunia siku nzima. Mdogo ndiye aliyempelekea togwa, kwa mikono miwili, amepiga goti kama alivyofundishwa na bibi. Alipokea, akanywa. Hakusema lolote kuhusu ardhi, na mpaka leo hajasema.

Jumatano na Alhamisi, 7 na 8 Agosti 2024. Mbeya

Safari ya kwanza ya familia nzima, kwenda Nane Nane kwenye viwanja vya John Mwakangale, kwa kibali cha afisa. Tumepita Igawa, Chimala, Igurusi, tukishuka kwenye tambarare ya Usangu yenye mpunga kisha tukipanda tena kuelekea Uyole. Wavulana walihesabu malori ya Zambia. Mdogo alikaa mapajani kwa baba yake, anashika ndevu.

Viwanjani nilitaka kuona mbegu safi za viazi na mashine ndogo za kupukuchulia. Wao walitaka ng'ombe. Tulimwona dume mkubwa kiasi kwamba Mdogo alimwamkia shikamoo. Watu wa banda walicheka kwa furaha, mmoja akaitikia marahaba kwa niaba ya ng'ombe.

Mchana nilimpoteza macho kidogo kwenye umati. Kabla sijapiga kelele nikasikia sauti yake, kali, kutoka nyuma ya banda la samaki: "Mama! Mama yangu uko wapi!" Alikuwa amesimama na kaka yake, hatua chache tu kutoka kwangu. Ni mara ya kwanza aliniita hivyo, na alikuwa amekasirika.

Ijumaa, 23 Agosti 2024. Iringa

Wakili amewasilisha maombi Mahakama Kuu. Ni Mahakama Kuu ndiyo inayotoa amri ya kuasili, si ya wilaya, na kwa mkulima wa mbali hilo ni nauli na malazi ambavyo wengi hawana. Nalisema kwa uchungu: najua familia zilizoishia njiani kwa hilo tu, si kwa kukosa upendo. Afisa ataleta taarifa yake ya kijamii, na mahakama itaangalia maslahi ya mtoto kwanza. Ukweli wa umri nao unatazamwa: mwombaji awe na miaka 25 au zaidi, na amzidi mtoto kwa miaka 21. Sisi tumevuka.

Jumatatu, 14 Oktoba 2024. Njombe hadi Iringa

Sikukuu ya Nyerere, barabara tupu. Tumesafiri wote, pamoja na mama mkwe ambaye hajafika Iringa tangu ujana wake. Tumelala nyumba ya wageni karibu na soko kuu. Jioni tulipita makao. Mama mlezi alimkuta Mdogo amerefuka, akamzungusha mara mbili. Watoto wapya walikuwepo, wengine niliowakumbuka hawapo, wamepata kwao. Tulileta debe mbili za viazi na maharage.

Jumanne, 15 Oktoba 2024. Mahakama Kuu, Iringa

Shauri la mtoto husikilizwa faragha, kwa hiyo tuliingia chemba, si ukumbi ule wa wazi. Jaji aliuliza maswali ya kawaida kabisa. Mnalima nini? Mtoto analala na nani? Mmewaeleza vipi watoto wenu? Mkifa leo, nani atamlea? Baba watoto alijibu hilo la mwisho bila kusita: kaka zake, na miti yake iko pale pale.

Kisha jaji akamgeukia Mdogo, akamuuliza hao ni nani. Akataja mmoja mmoja, baba, mama, kaka, kaka, bibi. Akaongeza jina la ng'ombe wetu.

Amri imetolewa. Nilikuwa nimejiandaa kulia, sikulia. Nilianza kusoma ile karatasi tangu mstari wa juu, polepole, nikatafuta jina lake likiwa na jina la ukoo wetu, nikalikuta, nikasoma tena. Mama mkwe, asiyejua kusoma, aliomba nimwonyeshe lilipo. Akaweka kidole juu yake.

Tulikula wali na samaki wa Mtera hotelini karibu na stendi. Basi la mchana.

Jumatatu, 18 Novemba 2024. Shambani

Mvua imechelewa kidogo, lakini tumepanda leo nusu ya shamba. Mwaka huu mstari wa mbegu una watoto watatu. Mdogo anaweka nne shimo moja, kaka yake anarudi nyuma kupunguza.

Nakala ya amri imekwenda RITA, wakala wa serikali wa usajili wa vizazi na vifo, ili jina lake liingizwe kwenye rejista ya watoto walioasiliwa na tupate cheti. Nakala nyingine iko kwa mtendaji, pamoja na ombi letu la kuandika kwenye kumbukumbu za ardhi za kijiji kwamba tuna warithi watatu. Baraza litakaa baada ya uchaguzi wa serikali za mitaa wa tarehe 27, na baba mkubwa ni mjumbe. Miche miwili kwenye mstari wa tatu ilikufa kwa jalidi la Julai. Tumeshaagiza mingine, inafika Jumatano, na kesho nakwenda mjini kuchukua mbolea ya ruzuku kabla foleni haijawa ndefu.